Risala ya wakazi wa Chala: mji wa Taveta uhesabiwe mchana

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa wadi 20 za Kaunti ya Taita Taveta, na kwa wote wanaokaa mezani kugawa fedha za miji yetu.

Waheshimiwa,

Sisi ni wakulima, wachuuzi, wavuvi na waendesha bodaboda wa wadi ya Chala, kaunti ndogo ya Taveta. Kwetu ni chini ya Kilimanjaro, kando ya ziwa ambalo mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji yake. Tumekaa, tumesikilizana, na yaliyomo humu tumekubaliana. Tunaandika kwa haki tuliyopewa na kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kinachomruhusu yeyote kuleta ombi lake katika bunge la kaunti. Hatuji kuomba hisani.

Lalamiko letu ni moja, ingawa limetoa matawi. Kila inapotajwa habari ya maji, taa za barabarani, vyoo vya umma, uzoaji wa taka au gari la zimamoto, na miji miwili ya kaunti hii ikawekwa mizani moja, huja hoja inayofunga mazungumzo: Voi ina watu. Wanaolala katikati ya mji wa Voi ni wengi kuliko wanaolala katikati ya mji wa Taveta, kwa hiyo Voi itangulie na Taveta ingoje. Hoja hiyo tumeisikia kwa watu tunaowaheshimu, wala hapa hatumtaji mtu. Wanaoisema hawasemi uongo. Ukipita Kaloleni ya Voi saa mbili usiku, halafu upite Bomeni ya Taveta saa hiyo hiyo, utaona taa za nyumba nyingi zaidi Voi. Tunachokataa ni kwamba mji hupimwa kwa taa hizo peke yake.

Tuanze na hesabu zisizobishaniwa. Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671. Kaunti ndogo ya Voi ilikuwa na watu 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Taita, yaani upande wa Wundanyi, 55,959. Tofauti ya Voi na Taveta ni watu 20,609. Voi ina wadi 6: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia. Taveta ina wadi 5: Chala, Mahoo, Bomeni, Mboghoni na Mata. Gawanyeni wenyewe. Kila wadi ya Voi inaangukia wastani wa watu 18,600 na kitu, na kila wadi ya Taveta wastani wa watu 18,200 na kitu. Hapo hakuna mkubwa wa kumtisha mdogo. Ukubwa wa Voi unaanza kuonekana pale tu mpimaji anapoacha sehemu nzima, akachora duara dogo kuzunguka stendi na maduka, akauliza ni nani analala humo ndani.

Sasa tutazame huko kulala. Sensa ile ilianza jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Agosti 2019. Karani alipobisha hodi, alichotaka kujua ni nani aliyelala katika nyumba ile usiku wa kuamkia tarehe 25. Aliyelala hapo aliandikwa hapo, awe mwenyeji au mgeni. Dereva wa lori aliyelala gesti Voi akielekea Mombasa alikuwa mtu wa Voi usiku huo. Hatuna ugomvi na utaratibu huo. Taifa lina sababu zake za kuhesabu hivyo, maana mtu akihesabiwa mahali alipoamkia hawezi kuhesabiwa mara mbili. Ila Waheshimiwa, Jumamosi ni siku ya soko Taveta. Siku za soko letu ni Jumatano na Jumamosi, na kila mtu kuanzia Mata hadi Njukini anazijua. Jioni ya siku ya soko, karani anapoanza kazi yake, mji huwa umekwisha kumwaga watu wake. Wa Chala wamerudi Chala, wa Mahoo wamerudi Mahoo, wa Holili na Himo wamekwisha kuvuka. Anayeuliza saa hiyo Taveta ina watu wangapi anauliza baada ya watu kuondoka.

Niliyepewa kalamu na wenzangu naomba nafasi hapa nieleze siku ya soko jinsi ilivyo, kwa sababu maamuzi mengi hufanywa kwa karatasi, na karatasi haijawahi kubeba mkungu wa ndizi.

Mkulima wa Chala anayepeleka ndizi sokoni Jumatano huzikata Jumanne alasiri, jua likipoa. Mikungu hulazwa chini ya mti na kufunikwa majani ili isipigwe na umande. Usiku huo hapati usingizi wa kutosha. Pikapu hupita kabla ya kupambazuka, na asiyekuwa barabarani huachwa. Lakini kutoka gizani nako kuna hatari yake: ndovu wa Tsavo Magharibi hushuka mashambani usiku, na katika kaunti hii ndovu wameua watu. Kwa hiyo akina mama hutoka kwa makundi, mwenye tochi mbele, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Kufikia saa moja asubuhi barabara zote zinazoingia Taveta zinafurika. Upande wa mashariki huja watu wa Mwatate na Voi, wanaofuata ndizi, nyanya na vitunguu vya kwenda kuuza kwao na Mombasa. Upande wa kaskazini hushuka wa Njukini, na wengine hutoka mbali hadi Illasit, Kajiado. Kusini ni Mata na vijiji vya kando ya Ziwa Jipe. Magharibi ndiko kunakofunguka mlango mkubwa: Holili, Himo, Rombo, Moshi. Mahindi huvuka, maharage huvuka, mchele huvuka, nguo na viatu huvuka, na fedha za nchi mbili hubadilishwa mkono kwa mkono. Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, Taveta na Holili, ambapo maafisa wa Kenya na Tanzania hufanya kazi chini ya paa moja. Nchi mbili zilijenga kituo hicho kwa sababu zilijua watu wanapita hapa. Ingekuwa ajabu watu wale wale waonekane mpakani na wasionekane kwenye mipango ya mji ulio hatua chache kutoka hapo.

Saa nne asubuhi huwezi kupita sokoni bila kugongana bega. Watu hao wote wanakunywa maji, wanaenda haja, wanaacha maganda na majani, wanahitaji kivuli, wanahitaji polisi, wanahitaji zahanati mtoto akizidiwa na joto. Wanakanyaga lami na kuichakaza. Choo kilichopangwa kwa kuangalia wanaolala mjini hakiwezi kuwatosha. Jalala lililopangwa kwa taka za wapangaji wa Bomeni hujaa kabla ya saa sita. Mvua ikinyesha siku ya soko, anayeuza nyanya chini huziokota kwenye tope, na hasara hiyo haiandikwi popote, kwa kuwa kitabuni yeye si mtu wa mji. Ni mtu wa Chala.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Anayeleta mzigo sokoni hulipa ushuru. Gari linaloegeshwa hulipa. Kibanda hulipa kibali. Bodaboda hulipa. Yule yule ambaye sensa haimwoni mjini, mkusanya ushuru anamwona asubuhi na mapema, na risiti anampa. Ikiwa mchana sisi ni watu wa Taveta kwa ajili ya kutozwa, basi tuwe watu wa Taveta kwa ajili ya kuhudumiwa. Haiwezekani fedha zihesabiwe mchana na vichwa vihesabiwe usiku, kisha ikasemwa kwamba hizo ni hesabu za mji mmoja.

Kuna anayeuliza: kama Taveta ni mji mkubwa hivyo, mbona watu hawakai humo? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye ardhi na kwenye historia.

Taveta haikuzaliwa kwa watu kujenga nyumba karibu karibu. Ilikuwa mahali pa kukutania. Misafara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipumzika katika msitu wa Taveta, kando ya mto Lumi, kwa sababu palikuwa na maji, kivuli na chakula cha kununua. Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883, na Teleki na von Höhnel wakaweka kambi mwaka 1887. Wapagazi wao walikula ndizi za Wataveta, waliokuwa wakilima na kuishi ndani ya msitu, kila ukoo na mahali pake. Mwenyeji alikaa shambani kwake, mgeni akafika, biashara ikafanyika, mgeni akaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone: ndivyo mji huu ulivyopona tangu mwanzo. Anayeutaka ufanane na mji wa wapangaji anautaka uache kazi iliyouzaa.

Voi ilikuja kwa njia nyingine, nayo ni njia ya heshima. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliweka stesheni pale, na stesheni ikaleta makarani, mafundi, askari, maduka na nyumba za kupanga. Baadaye ikaja barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, likaja lango la Tsavo Mashariki, zikaja ofisi na hospitali, na mwaka 2017 ikaja stesheni ya reli mpya. Anayefanya kazi Voi mara nyingi ametoka mbali, milimani Taita au kaunti nyingine kabisa, hivyo ni lazima apange chumba Sofia, Mwakingali au Mabomani. Anayefanya biashara Taveta ana shamba lake Chala au Mboghoni, na ng'ombe wanamngoja jioni. Mmoja analala mjini kwa sababu ya kazi yake, mwingine anarudi kijijini kwa sababu ya kazi yake. Wote wawili wameutumia mji siku nzima.

Kisha kuna ardhi. Anayetaka kujenga Taveta mjini aelekee wapi? Magharibi ni mpaka wa nchi. Mashariki, baada ya mwendo si mkubwa, unaingia Tsavo Magharibi, na inajulikana kwamba takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Kaskazini na kusini kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyotengwa enzi za ukoloni, huko Ziwani na Jipe, na kasri la mlowezi Grogan bado limesimama juu ya kilima chake kutukumbusha ni nani aliyegawa na ni nani aliyegawiwa. Wazee wetu waliajiriwa vibarua kwenye ardhi ya mababu zao, na wajukuu wao bado wanaitwa maskwota. Mtu asiye na hati hajengi nyumba ya mawe. Hujenga ya udongo, na siku zote roho yake iko juu. Halafu anaambiwa mji wake una wakazi wachache mno kustahili maji ya bomba! Uchache huo hatukuuchagua. Ulitengenezwa, na sasa unatumiwa kutunyima.

Nasi si wa kwanza kukutana na jambo hili. Tazameni Mombasa, jirani yetu tunayemjua. Katika sensa ile ile ya mwaka 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171. Hao ni pungufu ya watu 13 katika kila 100. Kisauni ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Kwa kipimo cha kulala, Kisauni na Likoni ndizo mji, na kisiwa ni kitongoji. Ila hakuna mtu mwenye akili anayesema Kilindini, Marikiti na mahakama zipewe huduma za watu 154,171 tu. Kila alfajiri feri ya Likoni na daraja la Nyali huingiza kisiwani maelfu kwa maelfu, na kila jioni huwarudisha. Mombasa inajua hivyo na inapangwa hivyo. Mbali zaidi, kiini cha kale cha London, kile kinachoitwa City of London, kilikuwa na wakazi 8,600 katika sensa ya mwaka 2021, idadi ambayo wastani wa wadi zetu unaishinda mara mbili. Wanaofanya kazi humo ni zaidi ya nusu milioni. Waingereza, waliotuletea desturi ya sensa, hawakukinyima kiini hicho maji na zimamoto kwa sababu usiku kiko kimya.

Sheria yetu pia haisemi yale tunayoambiwa. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inataja idadi ya wakazi, ni kweli. Ili mji upewe hadhi ya manispaa ilitaka wakazi 70,000, na marekebisho ya mwaka 2019 yakashusha hadi 50,000. Lakini katika orodha hiyo hiyo, idadi ni sharti moja kati ya mengi. Sheria inauliza kama mji unakusanya mapato au una uwezo wa kuyakusanya. Inauliza kama una masoko, taa za barabarani na vituo vya zimamoto. Inauliza kama unaweza kuondoa taka zake, kama wakazi wake wanashirikishwa, kama una nafasi ya kupanuka. Soko limetajwa, mapato yametajwa, ardhi ya kupanukia imetajwa. Anayesoma sharti la vichwa na kufunga kitabu hajaisoma sheria.

Hali ni hiyo hiyo kwa fedha za taifa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hakuna fomula ya kugawia kaunti fedha iliyowahi kuipa idadi ya watu hata nusu ya uzito. Ya kwanza iliipa asilimia 45. Ya tatu, iliyopitishwa mwaka 2020, iliishusha hadi asilimia 18, ikaleta vipimo vya afya, kilimo, barabara na huduma za mijini. Upana wa ardhi ulipewa asilimia 8 katika zote mbili, na kaunti yetu, yenye kilomita za mraba zaidi ya 17,000 na watu wachache, ilinufaika na asilimia hizo. Viongozi wetu wanapokwenda Nairobi husema, na husema kwa haki, kwamba Taita Taveta isipimwe kwa vichwa tu, kwamba mbuga zimemeza ardhi, kwamba vijiji viko mbalimbali. Tunawaomba hoja hiyo wairudishe nayo nyumbani. Anayedai haki Nairobi kwa kipimo kimoja asimnyime mwenzake Taveta kwa kipimo kingine.

Hatuna vita na Voi, na tunataka lieleweke. Watoto wetu wanasoma Voi, wagonjwa wetu wanapelekwa hospitali ya rufaa Voi, ndizi zetu zinaliwa Voi. Tunajua pia kwamba mkazi wa Voi ana shida zake. Maji ya chemchemi za Mzima hutoka katika kaunti hii na kupita kwa mabomba kwenda Mombasa, huku bomba la nyumbani kwake likikauka. Malori na mabasi ya barabara kuu humwachia moshi, taka na ajali, na abiria wote hao hawamo katika idadi ya watu wa Voi vilevile, isipokuwa wale wachache waliolala. Kuhesabu mchana kutaifaa Voi pia. Mji uliojengwa njiani na mji uliojengwa mpakani yote inahudumia watu wasiolala humo, na yote inaumia ikipimwa kwa vitanda.

Kwa sababu hizo, Waheshimiwa, tunadai yafuatayo, na tunayadai kwa adabu.

Kwanza kabisa, wanaotumia miji ya Voi na Taveta wahesabiwe. Wahesabiwe katika miji yote miwili, kwa njia moja, siku ya soko na siku isiyo ya soko, kuanzia alfajiri hadi jua kuchwa, kwenye kila barabara inayoingia. Kwa Taveta ni barabara ya Holili, ya Mwatate, ya Chala na Njukini, na ya Mata. Kwa Voi ni barabara kuu pande zote mbili, ya Mwatate, na stesheni. Kazi hii haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapa hapa, na vijana wake wanaweza kukaa vituoni na daftari, pamoja na vijana wa kila wadi. Hesabu zibandikwe hadharani, kila mtu asome. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mkakati wa bajeti ya kaunti ufike bungeni kwenu kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Hesabu hii ikamilike kabla ya Februari, isije ikawa kumbukumbu ya kuwekwa kabatini.

Hesabu ikishapatikana, itumike. Vyoo, maji, uzoaji wa taka, taa, mitaro na zimamoto katika miji hii vipangwe kwa idadi ya wanaoutumia mji saa yake ya kujaa. Barabara, shule na zahanati za mahali watu wanapoishi ziendelee kupangwa kwa idadi ya wanaoishi hapo, yaani kwetu Chala na kwingineko. Hatutaki kuhesabiwa mara mbili kwa jambo moja. Tunataka kila huduma ipimwe kwa watu wake.

Fedha zinazokusanywa sokoni Taveta zitangazwe kila miezi mitatu, na itangazwe pia ni kiasi gani kimerudi sokoni. Tukijua kinachoingia na kinachorudi, manung'uniko mengi yataisha yenyewe, na yatakayobaki yatakuwa na ushahidi.

Kuhusu ardhi, tunajua si mambo yote yako mikononi mwenu. Tume ya Taifa ya Ardhi ina kazi yake, na mahakama zina kazi yake. Lakini mpango wa mji uko mikononi mwenu. Choreni mpango unaoonyesha Taveta itapanukia wapi, viwanja vya makazi vitakuwa wapi, na familia zinazokaa bila hati zitapataje hati. Mwalimu kijana anayefundisha Taveta na kupanga chumba kimoja kwa bei ya viwili yuko tayari kujenga. Mpeni mahali. Mkifanya hivyo, hata wanaolala watakuwa wengi, na wanaopenda kipimo hicho watapata wanachokitaka.

Kuna jambo la hospitali ambalo haliwezi kungoja. Kutoka Taveta hadi Voi ni takriban kilomita 110. Mama anayetokwa na damu Chala hubebwa hadi Taveta, na akishindikana hapo, husafirishwa mwendo wote huo, kupitia Maktau na Mwatate, usiku. Moshi, ambako hospitali ya KCMC imefanya kazi tangu mwaka 1971, ni chini ya nusu ya mwendo huo, na familia zenye uwezo huvuka mpaka zikalipa kwa fedha zao. Hospitali ya Taveta ipewe vifaa, damu na wahudumu kwa kuangalia wanaoitegemea: kaunti ndogo nzima ya watu 91,222, wasafiri wa mpakani, na umati wa siku za soko. Isipangwe kana kwamba ni zahanati ya mtaa wa Bomeni. Kwa hili tumezika watu, na tunaomba lisiwekwe foleni nyuma ya mengine.

Mwisho, sensa ya kila miaka 10 inarudi mwaka 2029. Tunawaomba mpeleke sauti ya kaunti hii kwa Shirika la Takwimu la Taifa mapema, ili karani atakapokuja kumuuliza mtu alilala wapi, amuulize pia anafanyia kazi au biashara mji gani. Ni swali moja zaidi, na litaufaa kila mji wa soko nchini, kuanzia Taveta hadi Busia na Namanga.

Waheshimiwa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunaomba jibu la maandishi kwa kila dai, lile mnalolikubali na lile mnalolikataa, pamoja na sababu. Na jibu hilo lisisomewe ofisini. Njooni mlisome sokoni Taveta, Jumatano au Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wote wakiwepo.

Ni sisi, wakazi wa wadi ya Chala.